Maswali ya Wasomaji: Wati za Kwenye Boksi na Wati za Kweli

Barua za safari hii zimejaa pawasaplai, kile kifaa ndani ya kompyuta kinachogeuza umeme wa ukutani kuwa volti ndogo za kulisha sehemu zake: inayozima, inayonuka, isiyoingia kwenye kasha, na ile ambayo muuzaji ameapa kwamba ina wati 600. Tumechagua zile ambazo majibu yake yatawafaa wengi.

Swali: Habari za kazi, wahariri. Naunganisha kompyuta ya mezani. Prosesa ni Ryzen 5 7600, kadi ya grafiki ni RTX 4070, SSD mbili za NVMe na feni nne. Jamaa mmoja ananiambia wati 500 zinatosha, mwingine ananiambia nisithubutu kununua chini ya 850. Nimsikilize nani?

Jibu: Wote wawili wamekupa jibu bila kukupigia hesabu. Ryzen 5 7600 imeandikwa wati 65, ila AMD imeiruhusu kuvuta hadi 88 inapofanya kazi kwa nguvu zote, na hiyo ya pili ndiyo ya kuhesabu. RTX 4070 ni wati 200. Ubao mama na RAM viwekee 50 kwa pamoja, SSD zote mbili 15, feni nne 12. Jumla ni wati 365.

Hizo ni wati za kuvutwa mfululizo. Tatizo ni kwamba kadi ya grafiki haivuti kwa utulivu. Ndani ya sehemu ndogo mno ya sekunde inaweza kuruka juu sana ya kiwango chake kisha ikashuka, kabla hata programu ya kupima haijaona kitu. Kadi kama RTX 3080 na 3090 ndizo zilizowafumbua wengi macho: pawasaplai ambazo kwa hesabu ya karatasi zilitosha kabisa zilikuwa zinajizima. Ndiyo maana kiwango cha ATX 3.0 cha mwaka 2022, yaani kanuni ambazo watengenezaji wa pawasaplai hufuata, kilikuja na sharti kwamba pawasaplai kubwa zenye plagi mpya ya pini 16 zihimili mruko wa hadi mara 2 ya wati zake kwa sekunde ndogo 100, yaani sehemu 100 za milioni ya sekunde.

Kwa hiyo chukua jumla yako, ongeza nusu yake. 365 inakuwa kama 550. Duka likiwa na 550 nzuri, inatosha. 650 inakupa nafasi ya kubadilisha kadi baadaye, na ndiyo wati ambazo NVIDIA yenyewe inazitaja kwa kadi hiyo. Sisi tungechukua 650. Wati 500 za mtengenezaji makini huenda zikaiendesha mashine hii bila shida, isipokuwa feni itapiga kelele na hutakuwa na akiba yoyote. Wati 850 hazina madhara zaidi ya kuupunguza mfuko wako.

Na tuliondoe hili moja kwa moja kwa sababu linajirudia kwenye barua nyingi: pawasaplai ya 850 haivuti wati 850 kutoka ukutani. Inavuta kile mashine inachoomba, pamoja na kiasi kinachopotea kama joto. Kompyuta yako ikiwa imetulia kwenye ukurasa wa intaneti itaomba wati 60 au 80, iwe pawasaplai ni ya 550 au ya 1000.

Wenye prosesa kubwa za Intel wawe macho zaidi na namba ya boksi. Core i9-13900K ina wati 125 za msingi, lakini kilele chake ni 253. Ukiifunga pamoja na RTX 4090 yenye 450, tayari uko juu ya 700 kabla ya kugusa feni na diski. Hapo 1000 si anasa.

Swali: Nimenunua pawasaplai mpya ya wati 600. Kadi yangu ni GTX 1660 SUPER, prosesa ni Core i5-10400F. Kwenye kazi za kawaida hakuna tabu, lakini gemu likikolea tu kompyuta inajiwasha upya. Lebo inasema +3.3V ni 22A, +5V ni 24A, +12V ni 20A. Kadi imeharibika?

Jibu: Asante kwa kunakili lebo, maana jibu lote limo humo. Kadi iache kwanza, tusome namba.

Volti mara ampea ndizo wati. Kila volti kwenye lebo ni laini yake ya umeme. Laini ya volti 12 ina ampea 20, kwa hiyo ni wati 240. Laini ya 5 ni 120, ya 3.3 ni kama 73. Hata ukizijumlisha zote, jambo ambalo kwa kawaida haliruhusiwi kwa sababu laini hizo mbili ndogo hugawana kikomo kimoja, unapata 433. Hizo 600 zimeishia kwenye boksi.

Sasa angalia nani anakula wapi. Kwenye kompyuta za leo, prosesa na kadi ya grafiki karibu zote zinalishwa na volti 12. Ubao mama na kadi yenyewe ndivyo vinavyoishusha hadi volti moja na ushei inayotakiwa na chipu. Volti 5 na 3.3 zimebakiwa na kazi ndogo ndogo: diski, USB, baadhi ya saketi za ubao. Kadi yako ni wati 125. Prosesa imeandikwa 65 lakini kwa muda mfupi hupanda kupita 100. Weka feni na diski, umeshafika mlangoni mwa 240, na bado kadi haijaruka. Kununua pawasaplai kwa kuangalia namba kubwa ya mbele ni kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Laini ya volti 12 ndiyo ya kutazama. Kwenye pawasaplai ya kweli ya wati 600 utakuta ampea 48 hadi 50 kwenye laini hiyo, yaani karibu wati zote.

Ukikuta lebo yenye 12V1 na 12V2, usizijumlishe. Mfano 12V1 ni 18A na 12V2 ni 18A. Kichwani unaona 36, wakati chini yake pameandikwa jumla ya pamoja ni wati 360, yaani ampea 30. Namba ya pamoja ndiyo inayohesabika.

Namna inavyozima nayo inaeleza jambo. Yako inajiwasha upya: maana yake volti ziliyumba, ishara ya pawasaplai inayouambia ubao mama kwamba umeme uko sawa ikakatika, ubao ukaanza upya. Ingezima kabisa na kukataa kuwaka mpaka uchomoe waya wa ukutani kwa muda kidogo, hapo ungejua kinga ya ndani ya pawasaplai ndiyo iliyojifunga. Kati ya hizo mbili, tunaipenda zaidi ya pili, kwa sababu angalau kuna kinga.

Kabla hujatumia fedha, hakikisha: tumia programu ya kadi kushusha kikomo cha wati hadi asilimia 70, ucheze gemu lile lile. Ikitulia, mshtakiwa ni pawasaplai. Isipotulia, angalia joto la prosesa na jaribu RAM moja moja. Ukinunua nyingine, tafuta kwenye maelezo yake kinga hizi kwa vifupisho vyake: OVP na UVP za volti kuzidi na kupungua, OCP na OPP za mkondo na wati kuzidi, SCP ya shoti, OTP ya joto. Ile ya bei ya kutupa mara nyingi inataja moja au mbili tu, au haitaji kitu.

Swali: Je, 80 PLUS Gold ina nguvu kuliko Bronze?

Jibu: Hapana. Cheti hicho kinapima ufanisi tu, yaani kati ya umeme unaoingia kutoka ukutani ni kiasi gani kinafika kwenye kompyuta. Kwa kipimo cha volti 115, Bronze inatakiwa ifike asilimia 82, 85 na 82 ikiwa imebeba 20, 50 na 100 kwa mia ya uwezo wake. Gold ni 87, 90 na 87. Kwenye volti 230 vipimo hutofautiana kidogo.

Mashine ikiomba wati 300 kutoka pawasaplai ya wati 600, Bronze itavuta kama 353 na Gold kama 333. Tofauti ni wati 20. Kwa saa 5 kila siku, mwaka mzima ni takriban uniti 36 za umeme. Zidisha kwa bei ya uniti unayolipa, ulinganishe na tofauti ya bei dukani. Faida nyingine ya Gold ni joto: wati 20 pungufu za kupoza, feni inazunguka polepole.

Cheti hakisemi kama kapasita, vile vijisehemu vinavyotunza chaji ndani, ni nzuri, wala kama kinga zinafanya kazi. Muda wa dhamana unasema zaidi. Mtengenezaji anayetoa miaka 7 au 10 amefanya hesabu zake kuhusu kapasita alizoweka. Na soma nembo vizuri. Zipo stika zinazofanana na 80 PLUS bila kuwa yenyewe. Waliokithibitisha kifaa huweka orodha ya modeli hadharani, kwa hiyo modeli isiyomo haina cheti.

Swali: Nilibadilisha pawasaplai nikaacha nyaya za zamani kwa sababu zilishapangwa vizuri ndani ya kasha. Plagi ziliingia bila kulazimisha. Nilipowasha, kukatoka harufu ya kuungua, na sasa diski ya SATA haionekani. Nilikosea wapi?

Jibu: Pole sana. Upande wa waya unaoingia kwenye diski au ubao mama una kiwango kimoja duniani. Upande unaoingia kwenye pawasaplai hauna. Kila mtengenezaji anapanga pini anavyotaka, na wakati mwingine modeli mbili za kampuni moja hazifanani. Umbo la plagi linaweza kuwa lile lile, huku pale palipotakiwa volti 5 pakaja 12. Nyaya zinazochomolewa hubaki na pawasaplai yake, hata kama mpangilio wake umekuchukua siku nzima.

Usiiunganishe tena diski hiyo kujaribu bahati. Diski nyingi za inchi 3.5 zina diodi ndogo za kinga mahali umeme unapoingia, moja ya laini ya 5 na nyingine ya 12. Volti zikizidi, diodi hujitoa mhanga: inapiga shoti na kuvuta mkondo wote. Fundi wa vifaa vya kielektroniki anaweza kuipima kwa multimita (kifaa cha kupimia volti), na ikiwa ni hiyo tu iliyokufa, kuiondoa kunaweza kuirudisha diski hai kwa muda wa kunakili mafaili. Baada ya hapo diski haina kinga, isirudi kazini. SSD zina nafasi ndogo zaidi ya kuponea.

Swali: Kadi yangu inataka plagi mbili za pini 8. Waya mmoja wa pawasaplai una vichwa viwili. Nitumie huo huo mmoja?

Jibu: Kama kadi ni ya wati 200 hivi, waya mmoja mzuri utavumilia. Kuanzia 225 kwenda juu, vuta nyaya mbili tofauti kutoka kwenye pawasaplai na uache kichwa cha pili kikining'inia. Chukua kadi ya wati 320: nafasi ya PCIe, yaani tundu refu la ubao mama ambamo kadi huchomekwa, ikitoa kama 60, zinabaki 260 za kupita kwenye waya mmoja. Hizo ni karibu ampea 22, zikigawanywa kwenye nyaya tatu za volti 12 ni zaidi ya 7 kwa kila uzi, zote zikipita kwenye pini zile zile za upande wa pawasaplai. Hapo ndipo plastiki inapoanza kuwa ya kahawia.

Usichanganye plagi hiyo na ya prosesa, ambayo nayo ina pini 8. Ya prosesa hugawanyika 4 na 4, ya kadi hugawanyika 6 na 2, na chanya na hasi zimekaa kinyume. Ikigoma kuingia, iache igome.

Kwa kadi zenye plagi ya pini 16, isukume mpaka kusibaki mwanya wowote, na usiukunje waya karibu na plagi. Acha kama sentimita 3 au 4 zilizonyooka. Plagi iliyoingia nusu ndiyo inayoyeyuka.

Swali: Nina kompyuta ndogo ya ofisini ya kampuni kubwa, pawasaplai yake ni wati 240. Nataka kuweka kadi ya gemu. Nibadilishe pawasaplai?

Jibu: Fungua kasha kwanza utazame plagi inayoingia kwenye ubao mama. Ikiwa na pini 24, una bahati. Kompyuta nyingi za ofisini za Dell, HP na Lenovo zina plagi ya pini 6, 8 au 10 za mpangilio wao wenyewe, na pawasaplai ya dukani haiingii bila adapta ya modeli hiyo hiyo. Kisha pima umbo. ATX ya kawaida ina upana wa milimita 150, kimo 86 na kina 140 au zaidi. SFX ni 125 kwa 63.5 kwa 100. TFX, ile nyembamba ndefu, ni 85 kwa 65 kwa 175. Kasha dogo halibembelezeki.

Kwa hali yako tungeiacha pawasaplai ilivyo na kutafuta kadi isiyohitaji plagi ya ziada, inayoishi kwa wati za nafasi ya PCIe, ambazo mwisho wake ni 75. GTX 1650 ina modeli za namna hiyo, fupi na nyembamba. RX 6400 inakula 53 tu, ila inatumia njia nne tu za data za PCIe, kwa hiyo kwenye ubao wenye toleo la zamani la PCIe 3.0 inapunguza mwendo. Soma pia mwongozo wa kompyuta: baadhi ya mashine hizi zimewekewa kikomo cha chini ya wati 75 kwenye nafasi hiyo.

Swali: Kuna swichi nyekundu nyuma ya pawasaplai, 115 na 230. Ni ya nini?

Jibu: Kuichagulia volti za ukutani. Ikiwa 115 na ukutani pana 230, utasikia mlio na pawasaplai imekwisha. Ikiwa 230 na ukutani pana 115, haitawaka, basi. Iweke kwenye volti za ukutani kwako kabla ya kuchomeka waya, uibandike utepe ili mtoto asiichezee. Zisizo na swichi zinajichagulia zenyewe.

Swali: UPS yangu ni ya VA 650, lakini umeme ukikatika kompyuta inazima pamoja nao. Betri ni mpya.

Jibu: VA, ile namba kubwa kwenye boksi la UPS (kifaa cha betri kinachoshikilia kompyuta umeme ukikatika), si wati. UPS nyingi za VA 650 zina wati 360 hadi 390, angalia nyuma yake. Kama ulikuwa kwenye gemu na mashine inavuta 400, UPS imezidiwa.

Kama ulikuwa unaandika barua tu, basi tatizo ni muda au umbo la umeme. UPS ya kawaida huchukua milisekunde 4 hadi 10 kuhamia kwenye betri. Kwa miaka mingi kiwango cha ATX kimetaka pawasaplai ijishikilie yenyewe kwa milisekunde 16 au 17, ikitumia akiba ya kapasita kubwa ya ndani. Zile rahisi hubana gharama hapo hapo, zikaweka kapasita ndogo. Upande wa pili, UPS za bei nafuu hutoa umeme wa ngazi ngazi badala ya wimbi laini, na baadhi ya pawasaplai zenye saketi ya kurekebisha kipeo cha nguvu (PFC) haziupendi, hujizima. Ukinunua nyingine, tafuta iliyoandikwa "pure sine wave", yaani wimbi laini kamili, na wati zake zizidi mahitaji ya mashine na skrini kwa robo au zaidi.

Swali: Kompyuta haiwaki kabisa, hata feni haigusi. Nitajuaje kama ni pawasaplai bila kununua nyingine?

Jibu: Chomoa waya wa ukutani. Toa plagi zote za pawasaplai kutoka kwenye ubao, kadi na diski. Kwenye plagi ya pini 24 tafuta waya wa kijani, pini namba 16, uunganishe na wowote mweusi ulio jirani kwa klipu ya karatasi iliyonyooshwa. Nyaya zikiwa nyeusi zote, fuata mchoro wa pini wa mtengenezaji, usibahatishe. Unganisha feni moja ya kasha ili kuwe na mzigo kidogo, kisha chomeka na uwashe swichi ya nyuma.

Feni ya pawasaplai isipozunguka si lazima iwe imekufa, kwani nyingine huwa hazizungushi feni mpaka zipate joto. Pima kwa multimita, ncha nyeusi kwenye waya mweusi. Njano iwe kati ya 11.4 na 12.6, nyekundu 4.75 hadi 5.25, ya chungwa 3.14 hadi 3.47. Zambarau iwe na volti 5 hata kabla ya kuweka klipu, ilimradi umeme umechomekwa. Zambarau ikiwa sufuri, pawasaplai imekufa na hakuna haja ya kuendelea. Zikiwa zote sawa, hamia kwenye ubao mama, ukianza na kitufe cha kuwashia.

Usiifungue kutafuta fyuzi. Kapasita ya upande wa ukutani hubeba volti zaidi ya 300, na inaweza kubaki na chaji hata baada ya kuchomoa waya.

Jaribio la klipu halithibitishi kwamba pawasaplai itabeba mzigo. Ikiwa mashine inawaka lakini unaishuku, iwashe kama kawaida, ingiza ncha za multimita kwenye plagi ya pini 4 ya Molex isiyotumika, kwenye njano na nyeusi, kisha endesha gemu. Ikianzia 12.1 na kubaki juu ya 11.8, tatizo liko kwingine. Ikiporomoka kuelekea 11.4 kila kadi inapovuta, anza kutafuta nyingine.